Uwanja wa ndege: maswali mnayoniuliza kila wiki

Nilifanya kazi miaka kadhaa pale uwanjani Dar es Salaam, kwanza kaunta ya kupokea abiria, baadaye chini kwenye maegesho ya ndege. Nimeshatoka, lakini simu haziishi: binamu, jirani, rafiki wa jirani. Nimeona niyaweke majibu mahali pamoja. Mifano mingi ni ya Uwanja wa Julius Nyerere kwa sababu ndio ninaoujua, ila mengi ni yale yale ukiwa Embakasi kule Nairobi, Entebbe au Muscat.

Uwanja ni wa nani hasa? Nikiwa na malalamiko niende kwa nani?

Ukilielewa jibu la swali hili, nusu ya maswali mengine yanajijibu. Abiria akiingia pale anaona sare, vitambulisho vya shingoni na redio za mkononi, anadhani wote ni wa kampuni moja. Sivyo. Uwanja ni kama soko la Kariakoo: yupo mwenye jengo, wapo wenye vizimba, wapo askari, wapo wapagazi, na kila mmoja ana bosi wake.

Mwenye jengo, njia za kurukia, taa, vyoo na mikanda ya mizigo ni Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, TAA, iliyoanzishwa mwaka 1999. Wanaoziongoza ndege kutoka mnarani, na ndio hao hao wanaotoa leseni na kukagua usalama wa mashirika, ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Hali ya hewa ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Muhuri wa pasipoti ni wa Uhamiaji, ushuru wa mizigo ni wa Mamlaka ya Mapato, TRA, kadi ya homa ya manjano huangaliwa na watu wa afya, na magari mekundu ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Halafu yule dada wa kaunta anayekupimia begi mara nyingi hata si mwajiriwa wa shirika lililoandikwa kwenye tiketi yako. Ni wa kampuni ya huduma za ardhini, kama Swissport, ambayo mashirika huilipa iwapokelee abiria na kushughulikia mizigo. Ndiyo maana asubuhi utamkuta anahudumia safari ya Doha, na jioni yuko kaunta nyingine akihudumia ya Addis Ababa.

Kwa hiyo lifti imekufa au choo hakina maji, mtafute TAA. Ndege imechelewa au begi limevunjwa gurudumu, ni shirika la ndege, maana mkataba wako uko kwao hata kama aliyelirusha begi ni mtu mwingine. Umekadiriwa ushuru usiouelewa, ni TRA, na kumfokea dada wa kaunta hakutakusaidia kitu. Shirika likikuzungusha, peleka malalamiko TCAA, au kwenye baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga ambalo lipo kwa kazi hiyo.

Jengo la Pili au la Tatu?

Soma tiketi, kisha mwambie dereva mapema, kabla hamjafika. Majengo hayapo mlango kwa mlango. Jengo la Kwanza ni lile la zamani, la ndege ndogo na za kukodi. La Pili, lenye paa la vipande vipande kama miavuli, lilichorwa na Mfaransa Paul Andreu likafunguliwa mwaka 1984, na siku hizi ndilo la safari nyingi za ndani. La Tatu lilizinduliwa Agosti 2019, lilijengwa kwa uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka, na ndilo la safari za nje. Nimewaona watu wakikokota masanduku juani kutoka jengo moja kwenda jingine, na msindikizaji nyuma akilaumu serikali, wakati jina la jengo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi aliyoishika.

Nifike saa ngapi?

Safari ya nje saa tatu kabla, ya ndani saa mbili, na foleni ya Barabara ya Nyerere uihesabu peke yake. Daraja la juu la TAZARA limesaidia, lakini ikinyesha mvua kubwa jioni hakuna daraja la kukuokoa.

Ila kinachowaachisha watu ndege si foleni. Ni saa yenyewe. Tiketi haijui saa zetu. Ikiandika 02:30 si saa mbili na nusu asubuhi, ni saa nane na nusu usiku. Ikiandika 14:00 ni saa nane mchana. Ongeza au toa sita, kisha jiulize: ni usiku au mchana? Nimempokea mzee wa watu saa moja asubuhi, kanyoa, kavaa suti, anawahi ndege ya "saa mbili na nusu". Ilikuwa imeshatua huko ilikokuwa inakwenda.

Tarehe nayo ina mtego wake. Ndege ya tarehe 14 saa 00:35 inaruka usiku wa kuamkia tarehe 14. Maana yake unatoka nyumbani tarehe 13 baada ya chakula cha jioni. Hapa wazee wa Pwani wanatushinda sisi wa mjini. Kwao usiku wa Jumamosi ni ule unaoanza Ijumaa jua likizama, kwa hiyo ukimwambia safari ni "usiku wa Jumamosi" atafika kwa wakati. Kijana wake atafika Jumamosi saa nne usiku, saa ishirini na kitu baada ya ndege kuondoka.

Ndege bado ninaiona pale kioo cha pili. Kwa nini mmefunga kaunta?

Kwa sababu hesabu imeshafungwa. Saa moja hivi kabla ya safari ya nje (za ndani huwa pungufu ya hapo, soma tiketi yako), kaunta inatoa idadi ya mwisho: watu wazima wangapi, watoto wangapi, mabegi mangapi, kilo ngapi, zipo tumbo la mbele au la nyuma. Mtu mmoja anakaa na hesabu hizo kutengeneza karatasi ya uzito, anayoisaini rubani. Humo ndimo inamotoka kasi ya kurukia na kiasi cha kuelekeza mkia. Ukiongeza mtu na masanduku mawili, kazi inaanza upya. Kwenye ndege ndogo za Mafia hutahitaji kuelezwa: utaambiwa uhame kiti cha nyuma uende mbele, na utahama.

Kuna sababu ya pili, na hii ina damu ndani yake. Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, wakafa watu 270. Bomu lilikuwa ndani ya begi ambalo mwenyewe hakuwamo ndegeni. Ndiyo maana leo abiria akishakabidhi begi halafu asitokee getini, begi lake linatafutwa na kushushwa. Vijana wanapanda tumboni mwa ndege na tochi, wanasoma vibandiko kimoja kimoja, na ninyi mmekaa ndani mnanung'unika kwamba ndege haiondoki. Mara nyingi mwenye begi yuko dukani anachagua manukato.

Kwa nini maji yangu yanatupwa wakati nimeyanunua hapo nje tu?

Agosti 2006 polisi wa Uingereza walivunja mpango wa watu waliotaka kulipua ndege kadhaa kwa vimiminika vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Kikomo cha mililita 100 kwa chupa, zote ziingie kwenye mfuko mmoja angavu wa lita moja, kilianzia hapo. Zipo nchi ambazo viwanja vyao vina mashine mpya na vimeanza kulegeza, lakini usiishi kwa habari za uwanja wa mwingine. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani. Chupa ya mililita 200 yenye losheni kidogo chini kabisa haipiti.

Na kimiminika si maji tu. Asali, samli, siagi ya karanga, mafuta ya nazi, achari, vyote vimo. Nakumbuka bibi mmoja aliyekuwa anakwenda Muscat kwa mjukuu wake, kabeba dumu la lita tatu ndani ya kikapu, kalifunika kwa kanga.

"Shikamoo bibi. Hii asali haipiti huku."

"Marahaba mwanangu. Hii imetoka Tabora, kwa treni. Haijaharibika."

Kijana wa ukaguzi akakuna kichwa. Kwa bahati bibi alikuwa amewahi. Tulimrudisha kaunta, dumu likafungwa kwa gundi ya karatasi kama maiti ya Farao, likawekwa katikati ya vitenge ndani ya begi kubwa, likaenda tumboni. Angefika dakika ishirini baadaye, ile asali ingebaki Dar.

Swali dogo la nyongeza: kwa nini unga na vyakula hufunguliwa kila mara? Skrini ya eksirei haioneshi picha kama ya simu, inaonesha rangi. Chuma hutoka bluu, na vitu vya asili ya mimea na wanyama hutoka rangi ya chungwa. Tatizo ni kwamba vilipuzi vingi navyo hutoka chungwa. Kilo tano za unga wa muhogo zilizoshindiliwa ni donge la chungwa lisilopenyeka, na mkaguzi hana namna ila kufungua. Ziweke juu, si chini ya nguo.

Pawabenki niweke wapi?

Begi la mkononi. Betri hizi zikipata hitilafu huwaka, na moto wa betri ukiwa miguuni mwa mhudumu unazimika. Ukiwa tumboni mwa ndege katikati ya masanduku mia mbili, ni habari nyingine. Chini ya saa-wati 100 (zile Wh zilizoandikwa nyuma yake) inaruhusiwa bila kuomba, kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika, zaidi ya hapo haipandi. Kama maandishi ya nyuma yamefutika, mkaguzi ana haki ya kuikataa.

Vyakula vya nyumbani, je? Naenda kwa watoto Ulaya.

Tofautisha mambo mawili: usalama wa ndege unaokaguliwa unapoondoka, na sheria za nchi unayokwenda zinazokusubiri unapofika. Begi linaweza kutoka Dar bila neno, likataifishwa Frankfurt. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingiza nyama wala maziwa kutoka huku kwetu, kwa hiyo nyama ya kukausha na samli ya ng'ombe ni kujisumbua. Matunda mengi yanadai cheti cha afya ya mimea. Yaliyosamehewa ni matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Embe halimo, samahani. Uingereza siku hizi ina kanuni zake, zisome peke yake. Na mliozoea Nairobi: miraa ni halali Kenya, lakini Tanzania ni dawa ya kulevya, na Uingereza waliipiga marufuku mwaka 2014. Usimbebee mtu.

Fedha taslimu za thamani ya dola 10,000 au zaidi zitangaze forodha, unapoingia na unapotoka. Kutangaza si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Ada ya uwanja nalipa wapi?

Umeshalipa. Imo ndani ya bei ya tiketi kwenye ule mstari wa kodi na ada. Mtu akikudai ada ya uwanja mkononi, muulize kituo cha polisi kiko mlango upi.

Shirika la ndege nalo lina bili yake: ada ya kutua kulingana na uzito wa ndege, ada ya maegesho kwa muda iliokaa, ada ya kuongozwa angani, na mkataba wa kampuni ya ardhini. Kila dakika ndege inayokaa chini bila sababu ni hela, na ndiyo maana dakika zile zinafanyiwa kazi kama mbio za kupokezana vijiti.

Ndege ikitua, nini kinafanyika chini mpaka iruke tena?

Hapa mnivumilie, ndiko nilikokupenda.

Ndege inaingia polepole, mbele yake yupo mtu mwenye vijiti viwili vya rangi, anaivuta, anaikunja kama anayemwelekeza mwenye Coaster kuegesha uchochoroni, ila hii Coaster ina mabawa ya mita 60 ikiwa ni Dreamliner. Anavuka vijiti juu ya kichwa: simama. Hakuna anayesogea bado. Chini ya tumbo la ndege kuna taa nyekundu inayowaka na kuzima, na ikiwa inawaka maana yake injini zinaweza kuwa hai. Injini hai inameza mtu. Taa ikizima, kijana wa kwanza anakimbia na kabari za magurudumu, wa pili anachomeka waya wa umeme, ndipo daraja la abiria linapoguswa mlangoni.

Baada ya hapo ni vurugu yenye utaratibu. Mizigo inashuka upande wa kulia, chakula kinapanda, gari la maji safi linakuja na gari la choo linakuja, na hayo mawili hayakaribiani wala hayaendeshwi na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Rubani anashuka na fulana ya kung'aa, anaizunguka ndege yake kwa miguu akikagua matairi na ncha za mabawa. Gari la mafuta linafungwa waya wa kuondoa umeme tuli kabla bomba halijaunganishwa. Kisha mtu wa mafuta anachota kiasi kwenye chupa ya kioo, anaikoroga, anainyanyua juani. Mafuta ya taa ya ndege yanatakiwa yawe meupe kama maji ya kisimani, bila tone linalocheza chini, maana tone lile ni maji, na maji kule juu huganda. Nimeona hiyo chupa ikinyanyuliwa mara mamia, na sijawahi kuona mtu akiinyanyua kwa mzaha.

Jambo la mwisho linalofanywa ni la kuchosha kuliko yote: kuokota takataka. Skrubu, kipande cha waya, mpini wa begi. Julai 25, 2000, pale Paris, kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege nyingine kilipasua tairi la Concorde. Vipande vya tairi vikapiga tangi la mafuta, wakafa watu 113. Ukiona watu wamejipanga mstari wanatembea polepole wakitazama chini kama waliopoteza pete, ndiyo hiyo kazi.

Zile namba kubwa zilizochorwa kwenye njia ya kurukia ni za nini?

Ni dira. Njia kuu ya Dar, yenye urefu wa mita 4,600, imeandikwa 05 upande mmoja na 23 upande mwingine. Ongeza sifuri: ukielekea nyuzi 50, yaani kaskazini mashariki, uko kwenye 05, ukigeuka nyuma ni nyuzi 230. Ndege hupenda kuruka na kutua ikiukabili upepo. Kaskazi ikivuma, pua zinaelekea 05, na upepo ukigeuka, mnara nao unageuza njia. Nahodha wa jahazi angeelewa haraka kuliko sisi.

Urefu wenyewe hautoshi kueleza kila kitu. Njia ya Embakasi ina mita 4,117, lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa kule ni nyepesi, mabawa yanapata tabu kunyanyua, na ndege ile ile inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuruka, au ipunguze mzigo. Na pale Goma, Januari 2002, mlima Nyiragongo ulimwaga lava hadi juu ya njia ya kurukia ikaifunika kwa sehemu ya kaskazini, ndege zikabaki na kipande kilichosalia.

Ukitua usiku na umekaa dirishani, tazama pembeni ya njia kuna taa nne zilizopangwa mstari. Rubani akiona mbili nyeupe na mbili nyekundu, yuko sawasawa. Nne nyeupe, yuko juu mno. Nne nyekundu, yuko chini mno, na hapo hakuna mwenye raha.

Mnara na rubani wanaongea nini?

Kiingereza cha maneno machache yaliyokubaliwa, na kila agizo rubani hulirudia neno kwa neno. Msidhani ni urasimu. Machi 27, 1977, kisiwani Tenerife, kwenye ukungu, ndege mbili kubwa aina ya 747 ziligongana juu ya njia ya kurukia. Wakafa watu 583. Rubani wa moja aliamini ameruhusiwa kuruka, na mnara haukuwa umemruhusu. Tangu hapo neno la Kiingereza la kuruka, "take-off", linatunzwa kama siri ya nyumba: halitamkwi na mnara ila wakati wa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta.

Ndege yetu ya Dar imetupeleka Zanzibar. Mafuta yaliisha?

Kinyume chake. Ilikuwa na mafuta ya kufika Dar, ya kwenda uwanja wa akiba, na ya kuzunguka dakika 30 zaidi. Ndivyo kanuni inavyotaka kwa ndege za jeti. Mvua ya masika ikifunga, au njia ikizibwa na ndege iliyopasuka tairi, rubani anakwenda uwanja wa akiba aliouandika kabla hajaondoka. Agosti 7, 2013, moto ulipoteketeza jengo la wanaowasili kutoka nje pale Nairobi, ndege zilizokuwa hewani ziligeuziwa Mombasa na kwingineko, na kwa muda mrefu baadaye abiria walipokelewa kwenye mahema.

Wale zimamoto wanakaa tu siku nzima?

Wanakaa, na ombeni waendelee kukaa. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinataka gari la kwanza lifike popote kwenye njia ya kurukia na kuanza kumwaga povu ndani ya dakika tatu, na lengo ni mbili. Kila uwanja una daraja la uokoaji, kuanzia 1 hadi 10, linalotokana na urefu wa ndege inayotua hapo na upana wa kiwiliwili chake. Gari likiharibika daraja linashuka, na ndege kubwa inaweza kuzuiwa kutua hata kama njia inatosha.

Lakini dakika tatu ni za nchi kavu. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ikijaribu kutua Bukoba iliangukia Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja. Kati ya watu 43, walikufa 19. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kijana mmoja miongoni mwao, Majaliwa Jackson, aliupiga mlango kwa kasia. Baadaye alipewa kazi kwenye Jeshi la Zimamoto. Tuna viwanja vingi vilivyopakana na maji: Bukoba, Mwanza, Entebbe. Kwa maoni yangu boti yenye mafuta na wapigambizi walio tayari ni vifaa vya uwanja sawasawa na gari la povu, na anayeviona kama anasa hajawahi kusimama ufukweni akiangalia mkia wa ndege.

Na siku ukiambiwa toka, toka. Acha begi. Haneda, Japani, Januari 2, 2024, abiria na wahudumu wote 379 walitoka wazima kwenye ndege ya abiria iliyokuwa inawaka, na waliacha mizigo yao ndani.

Ndege wanaweza kuangusha ndege?

Kiswahili chetu kimeliona hili zamani, ndege na ndege, tofauti ni kwamba mmoja hula. Januari 15, 2009, mabata wa mwituni walizima injini zote mbili za ndege iliyotoka New York. Rubani akaishusha kwenye mto Hudson, na wote 155 wakapona. Sisi tuna kunguru, korongo na mwewe. Wanafuata chakula: jalala lililo wazi karibu na uzio, dagaa waliosambazwa juani, nyasi zenye panzi. Kwa hiyo anayetupa taka nyuma ya ukuta wa uwanja anachangia kwenye usalama wa anga, vibaya. Kazi ya uwanja ni kukata nyasi kwa kimo kinachofaa, kuziba madimbwi, na kupita na gari kupiga baruti za kelele.

Begi langu halikutokea kwenye mkanda.

Usitoke ukumbini. Nenda dawati la mizigo, andikisha taarifa, chukua nakala yenye namba. Kibandiko kidogo ulichopewa kaunta, kile mnachokitupa, ndicho ushahidi wako. Kwa safari za kimataifa zilizo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, begi lililoharibika lilalamikie kwa maandishi ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipolipata, na likipita siku 21 bila kuonekana, dai kama limepotea. Tangu Desemba 28, 2024 kikomo cha fidia ni 1,519 za kile kipimo cha Shirika la Fedha Duniani, dola 2,000 na ushei. Hicho ni kikomo, si bei ya kudumu. Utaulizwa ulikuwa na nini, na risiti zina nguvu kuliko machozi. Dhahabu, vyeti na dawa za sukari zibaki mkononi siku zote.

Soma pia herufi tatu kwenye kibandiko kabla begi halijaondoka. ZNZ ni Zanzibar, MWZ ni Mwanza, NBO ni Nairobi. Ukiona herufi usizozijua, uliza pale pale.

Mama yangu ni mzee, hajui Kiingereza, anabadilisha ndege njiani.

Omba kiti cha magurudumu wakati wa kununua tiketi, si asubuhi ya safari. Ni huduma isiyolipiwa, na siri yake ni kwamba haihusu miguu tu. Mwenye kiti anasukumwa na mtu anayejua geti, anapita dawati la uhamiaji upande wa pembeni, na anakabidhiwa mkono kwa mkono. Wazee wengi wenye miguu mizima wamefika Toronto kwa njia hii bila kupotea. Mwandikie kwenye karatasi jina lake, namba yako ya simu na jina la mji anaokwenda, aitie kwenye mkoba wa pasipoti.

Wasindikizaji wanaingia?

Hapana. Mlango wa kuondokea ni wa mwenye tiketi na pasipoti. Ninajua mmekuja na Hiace mbili, shangazi kabeba chupa ya chai, na bado hamjapiga dua. Pigeni dua pale kwenye maegesho kabla hamjashusha mizigo, msizibe njia ya mlangoni. Msiondoke mpaka abiria awapigie kwamba amepita kaunta, maana akizidisha kilo atatoka na mfuko wa rambo mkononi akimtafuta wa kumwachia zile sufuria.